Fundi na Picha Zake Mbichi

Kama umewahi kuoa, kuolewa au kumaliza darasa la saba kati ya Kibiti na Ikwiriri, huenda nawe umewahi kugombana na Fundi. Wengi waligombana naye. Mimi niligombana naye miaka na miaka, tena nikiwa nafanya naye kazi chumba kimoja.

Alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa kando ya barabara kuu, chumba kilichogawanywa kwa pazia la bluu: mbele benchi la wateja, nyuma kompyuta. Mimi nilikaa na kompyuta. Yeye alipiga, mimi nikahamisha, nikapanga, nikachapisha, na nikasemwa na wateja. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto walimwita Fundi, wazee wenzake walimwita Fundi, na mkewe alimwita Fundi hata siku alizokuwa amemkasirikia, ambazo hazikuwa chache.

Ugomvi wote ulitokana na kitu kidogo kwenye kamera. Kamera za siku hizi zinakupa njia mbili za kuhifadhi picha. Ya kwanza sisi tuliiita jipegi. Hapo kamera yenyewe inaimaliza kazi: inachagua rangi, inaibana picha, inatupa inachoona hakina maana, nawe unapata kitu chepesi ambacho unaweza kumtumia mtu kwenye simu palepale. Njia ya pili kamera haitupi kitu. Inahifadhi mwanga wote ulioingia, kama ulivyoingia. Faili lake ni zito, halifunguki kwenye simu za watu, na ukilifungua kwenye kompyuta linaonekana limepauka kama khanga iliyosahaulika juani. Lazima ukae nalo ulisafishe ndipo liwe picha. Hizi Fundi aliziita picha mbichi, na Fundi alipiga mbichi tu. Harusi, mbichi. Paspoti, mbichi. Jirani mmoja mbuzi wake alipotea, akapatikana, akataka apigwe naye picha ya furaha. Mbichi.

"Mwanangu," alikuwa akiniambia, "jipegi ni kamera kukuamulia. Sasa kama kamera inaamua, mimi nimekuja kufanya nini?"

Nilikuwa na jibu, ila Fundi hakuwa mtu wa kusubiri jibu.

Siku ya pili ya harusi yoyote, kabla sijafunga vizuri lile pazia, benchi lilikuwa limeshajaa mashangazi wa bi harusi. Wanataka picha waziweke status. Namkumbuka mmoja kutoka Ikwiriri, mama mnene mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuza samaki gulioni.

"Picha ziko wapi?" akaniuliza.

"Zinasafishwa, mama."

"Kwani zimeanguka kwenye tope?"

Benchi zima likacheka. Fundi akajibu akiwa nyuma ya pazia, hata uso hakuutoa. "Dada yangu, status inakaa siku moja inafutika. Mimi nimekupigia picha ambazo wajukuu zako wataziona."

"Wajukuu zangu ndio wanaoziulizia, Fundi! Wanazitaka leo!"

Fundi akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kunamaanisha mazungumzo yamekwisha na aliyebaki kuyamalizia ni mimi. Nikamletea yule mama maji ya kunywa, nikamwomba radhi, nikamwambia Ijumaa. Ijumaa alirudi. Picha hazikuwa tayari.

Hazikuwa tayari kwa sababu kompyuta yetu ilikuwa ya mtumba na feni yake iliunguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Ukifungua picha moja mbichi, unaweza kwenda kutawadha, ukaswali Adhuhuri na sunna zake, ukarudi ukakuta bado inajichora kutoka juu, imefika kwenye paji la uso. Na umeme ukikatika hapo unaanza upya. Nilimwambia Fundi mara nyingi kwamba kamera ile ile ina uwezo wa kupiga jipegi, tukawapa watu zao jioni ileile, na mbichi tukaziacha kwa mambo makubwa. Alinitazama kama nimemwambia tuwalishe wageni wali nusu mbichi.

Alikuwa ametoka kwenye enzi za filamu, wakati filamu ilipelekwa Dar es Salaam kusafishwa na mtu akasubiri mpaka gari lirudi. "Na hakuna aliyekufa kwa kusubiri," alikuwa akisema. Kwake faili mbichi lilikuwa ile filamu, na kulifuta ni kama kulichoma moto. Kwa hiyo hakufuta. Hakufuta picha iliyopigwa kwa bahati mbaya ikaonyesha kiatu chake. Hakufuta picha ya mtu aliyefumba macho. Diski zilijaa studio, zikahamia nyumbani kwake, zikaingia kabati la vyombo. Siku moja mkewe alikuja mpaka studio, miguu ina vumbi, akasimama mlangoni.

"Fundi, sahani zangu za wageni ziko wapi?"

"Zipo chini ya kitanda. Nimezifunga vizuri."

"Kitanda kipi?"

"Changu."

Mama yule akanigeukia mimi. "Na wewe unamwona tu." Nilitaka kumwambia kwamba kumwona ndiyo kazi pekee ambayo Fundi alikuwa akiniachia.

Kulikuwa na bi harusi wa Mkongo, msichana mzuri, mweusi mwenye kung'aa, aliyekuja na dada zake akitaka aongezwe weupe kidogo kwenye picha. Kidogo tu, alisema, kama wanavyofanya kwingine. Na kwa picha mbichi hilo ni jambo jepesi, unasogeza tu. Fundi akakataa. "Nimeutunza weusi wake wote, hakuna uliopotea, leo niumwage mwenyewe?" Bi harusi akalia. Dada zake wakaweka ahadi ya kutorudi, nao waliitimiza. Lakini Fundi huyohuyo, aliyekataa kumgusa bi harusi wa watu, nilimkuta alasiri moja amekaa muda wote akifuta doa la uji kwenye gauni la mtoto wa chekechea. Nikamuuliza, kwani hilo doa si la kweli? Akasema, "La kweli. Ila uji si sura yake. Ataufua kesho."

Na kwenye simu yake ndiko alikonimaliza kabisa. Mtu huyu, adui wa kila kitu kilichobanwa, kila Ijumaa asubuhi alitutumia sote picha za maua mekundu na maandishi ya salamu, picha zilizopita simu hata simu mpaka maua yamekuwa mabonge na maandishi hayasomeki. Nikamwonyesha. "Fundi, hii imebanwa mpaka imekufa."

"Hiyo si picha," akasema, wala hakushtuka. "Hiyo ni salamu."

Kitu kilichokuwa kikiniudhi zaidi ya vyote ni kwamba kuna siku alikuwa sahihi. Tulikwenda Mahege kwenye mahafali ya shule ya msingi. Mwalimu mkuu alikuwa amewapanga watoto jua likiwa mgongoni mwao, na hakutaka kuwageuza kwa sababu mgeni rasmi alikuwa tayari ameketi upande wa kivuli. Nilipotazama kwenye kioo cha kamera, watoto wote walikuwa weusi tii, nguo tu ndizo zinaonekana. Nikasema moyoni, leo tumekwisha. Fundi akakaa nazo siku kadhaa. Alikuwa akivuta kivuli taratibu, na nyuso zikaanza kutoka, mmoja baada ya mwingine, hadi yule wa mwisho kabisa mwenye pengo aliyekuwa anajizuia kucheka. Mzazi mmoja, mkulima wa mihogo, alipoletewa picha aliiweka kwenye meza yetu, akamgusa mwanawe shavuni kwa ncha ya kidole, akabaki hivyo.

Fundi hakunitazama. Alijua ninamwangalia. "Jipegi ingekupa vivuli," akasema. Kwa wiki nzima akawa hasemeki.

Sasa nieleze harusi ya delta, kwa sababu ndiyo iliyotuvunja.

Ilikuwa kwenye kijiji kimoja ndani ya mikoko. Tulipanda boti ya mashine asubuhi, na kabla hatujafika Fundi alikuwa amejaza kadi moja ya kamera kwa ndege na mizizi ya mikoko. Nikamwonya. Akasema kadi nyingine ipo. Tulipofika, harusi ilikuwa imechangamka, na Fundi akaanza kuimaliza kadi ya pili: viatu vya wageni mlangoni, mikono ya wapishi, na masufuria ya pilau yakitoa moshi. Masufuria hayo aliyapiga kutoka kila upande kama ndiyo yanayoolewa.

Mchana, jua likiwa utosini, mlango wa nyumba ya pili ukafunguliwa. Akatoka bibi yake bi harusi, mama mzaa mama, ameshikwa na wajukuu wawili. Wenyeji walikuwa wametuambia kwamba bibi huyu alikuwa hajainuka kitandani muda mrefu, na hakuna aliyetegemea atoke. Vigelegele vikanyamaza. Akatembea polepole mpaka kwa mjukuu wake, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamnong'oneza kitu sikioni. Bi harusi, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi kama ada inavyotaka, akacheka kwa sauti. Bibi naye akacheka.

Nikageuka kumtazama Fundi. Kamera alikuwa ameishusha.

"Kadi imejaa," akasema.

"Futa masufuria!"

"Sijayaangalia bado."

"Fundi, futa masufuria!"

"Na kama humo kuna picha?"

Sikungoja. Nikatoa simu yangu, nikapiga. Fundi akaanza kuyapitia moja moja, na alipofanikiwa kufuta sufuria la kwanza, bibi alikuwa ameshageuzwa, anarudishwa ndani. Mlango ukafungwa.

Bibi hakumaliza mwaka. Mama yake bi harusi akaja Kibiti, amevaa kaniki, akakaa kwenye lile benchi peke yake.

"Nimekuja kuchukua picha ya mama," akasema. "Ile aliyomshika mwanangu. Niliwaona mpo."

Fundi akaja mbele ya pazia, jambo ambalo hakulizoea, na akamwambia ukweli: kamera ilikuwa imejaa, na kosa lilikuwa lake, lakini binti huyu alipiga kwa simu. Akamwomba asubiri mpaka alasiri. Mama akaenda kwa ndugu zake, na Fundi akakaa kwenye kiti changu mbele ya kompyuta, kitu ambacho pia hakukizoea.

Picha ya simu ilikuwa imewaona wote wawili, mikono, vicheko, kila kitu. Lakini jua la mchana lilikuwa limepiga ushungi mweupe wa bibi na nusu ya uso wake, na simu ilikuwa imeshaamua kwamba pale ni peupe tu. Fundi akapunguza mwanga. Weupe ukawa kijivu. Akapunguza tena. Kijivu kikawa kizito. Hamkuwa na kitu ndani yake. Nilisimama nyuma yake nikiona mabega yake yanavyoshuka. Mwishowe akaichapisha hivyohivyo, kubwa, kwenye karatasi yetu nzuri kuliko zote.

Yule mama alirudi, akaishika kwa mikono miwili.

"Ndiye," akasema. "Ushungi wake ni huu. Mikono yake ni hii." Akaisogeza karibu na uso. "Macho yake mbona hayamo?"

Akatushukuru, akaiviringisha ndani ya khanga, akaenda zake.

Alipotoka tu, tukaanza. Nilimwambia angefuta masufuria. Akaniambia simu ni takataka. Nikamwambia hiyo takataka ndiyo pekee iliyokuwepo. Akasema picha iliyopo bila macho ni afadhali isingekuwepo, na hapo nikamwambia amfuate yule mama barabarani akamwambie hivyo. Akanyamaza, kule kunyamaza kwake. Safari hii nikakataa kubaki nyuma kuyamalizia. Nilitoka.

Nilifungua chumba changu ng'ambo ya barabara. Nikaandika ukutani, Picha Papo Hapo. Nilipiga jipegi asubuhi, jioni watu wanazo, na Ijumaa hakuna shangazi aliyenigombeza. Fundi hakuninunia, na hilo nalo likawa kero yake mpya. Kila asubuhi alivuka barabara kuja kunisalimia, anasimama mbele ya picha nilizotundika, anasonya polepole.

"Zimebanwa hizi."

"Zimependwa hizi, Fundi."

"Marahaba," anajibu, ingawa sijamwamkia, anaondoka.

Kisha akaacha kuja. Mwanzoni nilishukuru Mungu. Baadaye nikawa natazama ng'ambo kila baada ya muda. Studio ilifunguliwa siku, ikafungwa siku. Mwezi uliopita akanipigia simu. "Njoo na kompyuta yako nyumbani. Yangu imekufa. Nina harusi ya watu humu."

Nilikwenda alasiri. Mkewe alikuwa uani akikuna nazi. Fundi alikuwa barazani, amepungua, kamera iko kwenye kigoda pembeni yake. Nikaingiza kadi, nikafungua picha ya kwanza. Mbichi, bila shaka. Mwanga umekaa vizuri, rangi zote zimo. Lakini bi harusi alikuwa ukungu. Nikafungua ya pili. Ukungu. Ya tatu, nyufa za ukuta uliokuwa nyuma yake zinaonekana kila mstari, na yeye mwenyewe hayupo. Fundi hakuwahi kuiamini kamera hata kwenye kutafuta fokasi, sura itulie isiwe ukungu. Sikuzote aliizungusha lenzi kwa mkono, akitumia jicho lake.

Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Hii nzuri sana," akasema. "Ongeza kidogo kivuli cha kulia, basi."

"Fundi, unaionaje?"

"Imekaa. Kope zake unaweza kuzihesabu."

Nikaitazama tena ile picha. Kope hazikuwapo. Palikuwa na wingu la kahawia mahali palipotakiwa kuwa na uso wa mtu. Picha mbichi inatunza mwanga wote, inatunza hata giza, lakini kile ambacho lenzi haikukishika hakimo humo, na hakuna kusafisha kutakakokileta. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo. Nikahisi machozi yanakuja, na kwa kuwa na Fundi nimezoea hasira zaidi, nikachukua hasira.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Macho."

"Kioo cha kompyuta yako kichafu, mwanangu."

"Mwambie!" mkewe akadakia kule uani. "Juzi kammiminia mgeni chai pembeni ya kikombe, halafu akamkaribisha."

Fundi akaguna. Nikaifunga kompyuta. "Kesho unakwenda Utete, hospitali ya wilaya. Wakakuangalie."

"Kesho nina mahafali Mkongo."

"Mahafali nitapiga mimi."

"Wewe?" Akanigeukia, na niliona anatazama kidogo pembeni ya uso wangu. "Utawapigia jipegi. Wale watoto hawatamaliza darasa la saba mara ya pili."

"Nitapiga mbichi."

"Huna subira ya mbichi. Hukuwa nayo, na huna."

"Wallahi nitapiga mbichi, Fundi! Zote! Nitasafisha moja moja mpaka ya mtoto wa mwisho, na wazazi waje wanitukane, nitawapa maji! Ila wewe utakwenda kuangaliwa macho!"

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Mkewe aliacha kukuna nazi. Fundi alikaa kimya, na mara hii sikujua ni kimya cha namna gani.

Kisha akanyoosha mkono kutafuta kamera. Mkono ukapita juu ya kigoda, ukapapasa hewani, ukarudi, ukaipata. Akauvua na mkanda wake, aliokuwa ameuvaa shingoni hata bila kamera, akanipa vyote viwili.

"Betri nimechaji," akasema.

"Haya."

"Mwalimu mkuu wa Mkongo anapenda kuharakisha watu. Usimkubalie."

"Sitamkubalia."

Akatikisa kichwa, kama mtu ambaye haamini lakini hana la kufanya. Halafu akainua sauti kuelekea uani, akamwambia mkewe amtafutie kanzu ya kwendea Utete.